Shikamoo na Bahasha

Jumatatu, 4 Oktoba 1971
Kimamba. Bei ya mkonge imeanguka, basi wanaoangushwa ni wakataji. Barua ishirini na moja za kupunguzwa kazi! Generoza, mpiga taipu wetu, amezimaliza leo. Meneja, Bwana Lupakisyo, kaniambia nizigawe mimi, kwa mkono. Tangu Mwongozo wa TANU utoke, akifoka tu watu wanagoma. Wewe ni binti, ananiambia, una adabu, wazee watakusikiliza. Eti ndiyo kazi ya karani wa watumishi.

Jumanne, 5 Oktoba
Nimeanza na Mzee Tomasi, mkata mkonge tangu enzi za Wagiriki wenye mashamba.
“Shikamoo, mzee.”
“Marahaba, mwanangu!”
Kapokea bahasha kwa mikono miwili, kisha akanirudishia. Hajui kusoma, nimsomee. Nikamsomea, mpaka jina la meneja pale chini. Akasema ahsante. Ahsante!
Lupakisyo alikuwa dirishani. Umeona, kasema, ukianza na shikamoo hawapigi kelele. Mshenzi. Shikamoo niliyofundishwa na mama yangu kaifanya sindano ya ganzi.

Alhamisi, 7 Oktoba
Kumbe Mungu yupo! Shamba la miwa kule Ruhembe wamejibu maombi yangu. Usaili Jumamosi.
Nimepita Kilosa kumwambia mama. Hakufurahi. Reli miezi minane, ghala la pamba mwaka mmoja, mkonge miezi saba — watu watasema binti wa Mwanasha hatulii. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wenyewe umejaa kunguni, mama! Lakini sikumwambia kazi ninayofanya hapa. Nimeona haya.

Jumamosi, 9 Oktoba
Basi la Mikumi liliharibika njiani. Nimefika Ruhembe na vumbi mpaka kwenye kope.
Bwana Beda, mkuu wa utumishi, hakufungua hata vyeti vyangu. Alikwishapiga simu kwa Lupakisyo, na Lupakisyo kanisifu mno. Barua ishirini, anacheka, na hakuna aliyegoma! Msimu ukiisha na wao wana orodha yao ya kupunguza watu. Ndefu. Wanataka mtu wa namna yangu hasa.
Mshahara mzuri. Nyumba ya bati. Niwajibu Jumanne.
Nimeruka majivu, nimekanyaga moto. Nimeshuka basini bila kujua nimkasirikie nani: Beda, Lupakisyo, au mimi mwenyewe. Nani aliyenituma kuwa mpole hivi?

Jumatatu, 11 Oktoba
Wazee wakiniona kwa mbali wanakata kona. Mwamvua, jirani yangu, kamvuta mumewe ndani na mlango akafunga. Generoza kaniambia wanaiita shikamoo ya bahasha. Alicheka. Mimi nimelia chooni.

Jumanne, 12 Oktoba
Imebaki moja. Ya Mzee Onesphory wa korona, ile mashine ya kuchambua mkonge. Rafiki wa marehemu baba! Ndiye aliyenisemea nikapata kazi hapa. Nimeiweka mwisho siku zote hizi, kana kwamba ingejichana yenyewe.
Fomu ya Ruhembe nimejaza yote, bado sahihi. Posta wanafunga saa kumi. Nikisaini leo, huyu mzee atapelekewa na mwingine. Sawa. Na wale wa Ruhembe je, wazee wa watu, nani atawapelekea? Mimi. Nikibaki, mimi. Nikirudi kwa mama, hatulii.

Saa tisa. Amekuja mwenyewe, sikumwita. Kavua kofia mlangoni. Nikafungua mdomo nimwamkie — kaniwahi.
“Shikamoo, Bi Afisa.”
Mzee wa miaka sitini! Nikadhani anatania. Hatanii.
“Nimewahi mimi, mwanangu, usije ukahangaika kunipa yako.”
Nimekimbilia chumba cha mafaili na daftari hili, eti natafuta kadi yake. Bahasha yake iko kule mezani juu ya fomu yangu. Kwenye upenyo wa mlango namwona, kofia mkononi. Nimemwambia aketi, kagoma. Katika ishirini na mmoja, yeye ndiye wa kwanza kugoma.
Amesimama tu. Anangoja nimwitikie.