Nimeongezwa Damu ya Kaka, Muuguzi Hajui

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla simu ya hospitali haijalia, maana ikilia sijui nitasema nini.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nasaga vioo vya miwani katika duka dogo, na kisukari ninacho tangu nina miaka kumi na mmoja. Siku hizi sukari ikishuka haibishi hodi, naongea na mteja halafu najikuta chini, mume wangu ananipaka asali kwenye ufizi, ndiyo maana madaktari wakasema nipandikizwe kongosho la mtu aliyefariki, tukafurahi, kumbe tulifurahi mapema, kwa sababu waliponipima wakakuta damu yangu imejaa kingamwili, yaani askari wa mwili waliokwisha kujifunza kupigana na viungo vya watu wengine, kwa zile mimba zangu tatu na damu niliyoongezwa nilipojifungua wa mwisho. Daktari akaniambia, "Mama, katika watu mia, tisini na wanne mwili wako utawakataa."

Mwaka mzima nimekaa kwenye kile kiti cha mashine, damu inatoka mkono huu, inachujwa, inarudi mkono ule, na madripu, na homa, mpaka askari wakapungua na jina langu likaingia kwenye orodha ya wanaosubiri. Muuguzi wa kliniki ya hospitali, dada mmoja asiyecheka ovyo, alinionya: "Ukiongezwa damu popote, hata mfuko mmoja, niambie siku hiyo hiyo. Tunapima upya."

Mshauri, wiki saba zilizopita sukari ilishuka nikiwa mbele ya mashine ya kusagia, nikaangukia trei ya vioo, mkono ukapasuka kuanzia kiwiko, damu ikamwagika mpaka mlangoni, nikakimbizwa zahanati ya jirani, na nilipofumbua macho nikamwona kaka yangu amekunja shati, anatolewa damu ili nipewe mimi. Huyu kaka ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyejifunza kunidunga sindano nilipokuwa mtoto ninayelia, ningemwambiaje aache? Nikapewa mifuko miwili, wa kwake na mwingine wa akiba. Tangu hapo kaka kila anayemkuta anamwambia, "Mnamwona huyu? Anatembea kwa damu yangu," na mimi nacheka naye.

Nilikwenda kliniki nimevaa gauni la mikono mirefu. Muuguzi akauliza, "Kuna jipya?" nikasema, "Hakuna, dada." Nikamdokeza kaka, akakunja uso: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuharibia? Kundi la damu limeoana, wamepima. Na siku ya upasuaji si watapima tena? Nyamaza, mdogo wangu, usijitoe kwenye foleni kwa mdomo wako." Basi nimenyamaza, lakini sili nikashiba. Nikisema, nasimamishwa na kaka anavunjika moyo, nisiposema naogopa. Nifanye nini?

Msaga Vioo

*

Msaga Vioo, marahaba. Pole kwa mkono, pole kwa ule mwaka wa kiti. Sasa nisikilize, maana leo sitabembeleza sana.

Damu ile haikuwa kosa. Ungekufa mlangoni pa duka. Kaka yako alifanya alilopaswa kufanya, na hata muuguzi wako asiyecheka angemshukuru. Kosa ni ile "Hakuna, dada." Wahenga walimsema mficha maradhi, wewe umewapita, umeficha hata tiba uliyopewa, tena kwa mtu aliyekuuliza usoni.

Nimemuuliza muuguzi mmoja mstaafu, maana haya si ya kubahatisha. Anasema kundi la damu kuoana ni jambo moja, na kingamwili ni jambo jingine kabisa. Kipimo cha siku ya upasuaji kinawaona askari walio macho. Waliolala hakiwaoni, na damu ya mtu mwingine inaweza kuwafundisha adui mpya kisha wakalala. Madaktari wakijua, wanawatafuta na kupanga dawa. Wasipojua, unapandikizwa leo, wiki ijayo askari wanaamka na kongosho linakufa ndani yako.

Na hilo kongosho linatoka wapi? Umeandika "mtu aliyefariki" ukapita haraka. Ana mama au mke ambaye ataombwa ruhusa macho yakiwa bado yamevimba, naye atakubali. Nyuma yako kwenye orodha yupo mwingine anayeanguka kama wewe. Ukipewa wewe likaharibika kwa sababu ya aibu ya mikono mirefu, mtakuwa mmepoteza nyote watatu. Hapo nimekukasirikia, na sitakuficha.

Huenda utasimamishwa kwa muda. Huenda utarudi kwenye kile kiti, na itauma. Huenda pia wapime wakute hakuna kilichobadilika, na wiki saba umejitesa bure. Sijui. Wewe pia hujui, kaka yako hajui, na anayeweza kujua umemdanganya.

Kaka yako usimwambie kwamba damu yake imekuharibia, maana si kweli. Mwambie, "Kaka, uliniokoa, na hospitali lazima wajue ulivyoniokoa." Mchukue mwende pamoja, naye apimwe wakitaka. Atanuna. Mtu aliyejifunza kumdunga sindano mtoto anayelia hawezi kushindwa na hili.

Kesho kliniki ikifunguliwa tu, piga simu. Taja tarehe, taja zahanati, taja mifuko miwili, na siku utakayofika kunja huo mkono wa gauni waone kovu. Simu ikiisha ndipo umwendee kaka. Usigeuze mpangilio huo, mdogo wangu. Ukianza na kaka, simu hutaipiga.