Mstari Niliogopa Kuugusa

Mwalimu,

Tangu tukuzike kule Gesima, miezi minane sasa, sikuwa nimegusa programu yako ya tangi la kupoza maziwa la akina mama wa Marani. Nikiifungua nakusikia, hata pale ulipojiandikia, "chai kwanza, halafu mstari huu." Niliapa haitabadilika hata nukta.

Mwezi uliopita radi ilichoma bodi ya tangi. Nikaweka nyingine yenye chipu tofauti, nikapakia programu yako ilivyo. Kile chombo cha kukagua msimbo kikatoa onyo moja: pale unapouliza kama joto limeshuka chini ya sifuri, jibu halitakuwa ndiyo kamwe. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisimamisha nisome kila onyo kwa sauti dukani kwako, wateja wakisikia? "Kerubo, soma kama uko kanisani." Safari hii sikusoma. Nililizima, kwa sababu mstari ulikuwa wako na nilijiambia wewe hukosei.

Na kweli hukukosea. Joto ulilihifadhi kwenye char, ile aina ndogo kabisa ya nambari, na kwenye chipu ya zamani char ilibeba nambari hasi. Kwenye hii mpya haijui kitu chini ya sifuri. Baridi ilipozidi, mtambo uliisoma kama joto kali, ukaendelea kupoza. Asubuhi Mama Moraa, mmoja wa akina mama wale, akafunua tangi akakuta barafu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kerubo, hii maziwa imekuwa mawe. Mwalimu angeona hii kitu mapema." Nililia mbele yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wangu ulikuwa wewe. Nilidhani nakutunza, kumbe nilikuwa nimekuziba mdomo.

Jana nilisimama dukani peke yangu nikalisoma lile onyo, neno kwa neno. Kisha nikaongeza neno moja kwenye mstari wako, signed, ili char ile ibebe nambari hasi kwenye chipu yoyote. Nilitaka sana uwe nyuma yangu, unanung'unika kwamba naandika polepole. Nina hamu nawe, Mwalimu, na haipungui.

Leo maziwa yapo sawa. Pumzika sasa. Nakuahidi kwamba kila utakapohitaji kusahihishwa, nitakusahihisha.

Mwanafunzi wako,
Kerubo