Kuni za Daovone

Hat Kham, 4 Januari 1998

Mkwe wangu Somphou,

Hujambo huko kwenye ujenzi wa bwawa? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima. Mkeo Daovone anakula chakula cha watu wawili, na mtoto anampiga mateke hadi nguo inaruka, nimeona kwa macho yangu.

Mkunga amesema katikati ya Aprili. Mimi upande wangu nimemaliza. Nguo kuukuu nimezichana ziwe nepi, tangawizi na chumvi ya kulia wali nimeshatwanga, kitanda cha mianzi cha kulalia kando ya moto nimekifunga upya. Kimebaki kitu kimoja, nacho ni chako: kuni. Za uzazi wa kwanza hukatwa na baba mtoto, na zikatwe sasa zipate kukauka, maana kuni mbichi ni moshi na moshi utamuumiza mtoto macho. Siku ishirini baada ya kujifungua Dao atalala kando ya moto huo. Njoo ukate, baba. Majirani wanachungulia chini ya nyumba yangu, katikati ya nguzo panapopangwa kuni, wanaona kuku tu.

Mama mkwe wako,
Onsi

Kambini, 21 Januari 1998

Mama, shikamoo.

Natumaini miguu haikusumbui na baridi hii. Mimi nimepona, ila barua yako imenikosesha raha. Msimamizi amekataa kunipa ruhusa mpaka sikukuu ya Mwaka Mpya wetu, katikati ya Aprili. Nikiondoka kabla, kazi basi, na mtoto atazaliwa baba hana kitu.

Tena unajua mimi ni mtoto wa mjini, Mama. Kwetu Savannakhet tulinunua makaa sokoni, shoka nalijua kwa kuliona. Je, jirani Phouvong hawezi kunikatia, nikamlipa? Ni kuni tu. Mpe Dao salamu zangu, mwambie namuota.

Mkweo,
Somphou

Hat Kham, 2 Februari 1998

Somphou,

Marahaba. Miguu haijambo, asante.

Ati ni kuni tu! Sasa nikwambie jambo ambalo hata Dao halijui vizuri. Kabla yake nilizaa mtoto mwingine. Baba yake alikuwa amekamatwa na wanajeshi awabebee mizigo, hakuna aliyekata kuni. Nikajifungua Desemba, nikalala baridi, nikapata homa, maziwa yakakauka. Mtoto hakutimiza siku tisa. Madaktari waseme watakavyo kuhusu sababu. Mimi ndiye niliyekuwa nimelala pale.

Nina binti mmoja, Somphou. Naogopa mpaka chakula hakipiti. Phouvong akamkatie mkewe.

Mama mkwe wako

Kambini, 28 Februari 1998

Mama, shikamoo.

Usishangae mwandiko, anayeandika ni rafiki yangu Kongkeo, mimi namtajia maneno tu. Mikono yangu imevimba kidogo.

Tangu nilipopata barua yako, kila siku ya mapumziko naingia msituni wanakofyeka. Nimejikata goti mara mbili, wenzangu wamecheka wakachoka, lakini kuni nimekata. Mizigo kumi na minne! Dereva wa lori atazifikisha mtoni, mashua italeta mpaka kwako. Nilichagua mti unaopasuka kirahisi, wenye magome yenye madoa meusi. Uso nao umevimba, jicho moja halifunguki. (Mama, mimi Kongkeo naongeza: yote mawili hayafunguki, na usiku analia kwa mwasho.) Usimwambie Dao.

Mama, kuni zinatosha?

Mkweo,
Somphou

Hat Kham, 8 Machi 1998

Mwanangu,

Unaendeleaje? Macho je?

Kuni zimefika juzi. Kijiji kizima kilishuka mtoni. Phouvong akabeba mzigo begani anakusifu, Dao akalia kwa furaha, na mimi nikasimama kifua mbele. Walipoondoka nikakata kamba. Mungu wangu! Mti wa utomvu mweusi, ule utomvu ambao mafundi hupaka mabakuli, unaobabua ngozi ya kila anayeugusa! Hata mtoto wa miaka mitano hapa kwetu anaupita mbali. Moshi wake ungemvimbisha binti yangu mapafu. Nilikutukana peke yangu, matusi ambayo sikujua nayajua. Kisha nikaisoma tena barua yako, nikakaa chini.

Wewe mjinga, uliendelea kukata mikono ikiwa imevimba?

Ponda majani ya msaji, jipake asubuhi na jioni, na usijikune. Kuni usizifikirie. Phouvong naye ameota vipele begani alipobebea mzigo, nimemwambia ni upele wa joto.

Mama

Hat Kham, 5 Aprili 1998

Baba mtoto,

Hongera! Ni msichana, amekuja kabla ya siku zake, tarehe 29 Machi alfajiri. Mzima, na mama yake mzima. Mkunga ameridhika nao wote wawili.

Sasa sikiliza, na barua hii uichome. Zile kuni zako nilizizika nyuma ya bustani. Halafu kila siku nikawa namtuma Dao kwa shangazi yake akafume, mimi nabomoa ghala letu kuukuu la mpunga, watu nikiwaambia linataka kuanguka. Mbao ngumu, kavu, za miaka thelathini. Nimezipasua mwenyewe wiki tatu, nikazipanga palepale zilipokuwa zako. Mkono wa kulia haufungi ngumi, lakini nimenyamaza.

Dao amelala kando ya moto, maziwa yanatoka mpaka yanalowesha mkeka. Jana ameshika ukuni mmoja akasema, "Ona, Mama, mtoto wa mjini alivyopasua vizuri!" Nikamwambia kweli, nilikudharau bure. Phouvong naye kaja kukagua, kasema hiyo ndiyo kazi ya mwanamume.

Ukija Mwaka Mpya moto utakuwa bado unawaka, uuchochee wewe siku zitakazobaki. Watu watakusifu. Itikia, inamisha kichwa, useme asante. Mimi nitakuwa pembeni nakutazama, na ole wako uwaambie ukweli.

Mama yako,
Onsi