Meneja anauliza nilijuaje rafu itaanguka

Shoga, rafu ya ghalani imeanguka. Ile ile niliyomwonya meneja kuihusu jana.

Hakuna aliyeumia. Ila mimi nimesimamishwa kazi.

Kaniuliza, "Ulijuaje?" Nikamjibu niliiona. Akasema, "Uliiona, au uliilegeza?"

Nikamwambia nina usonji, nafikiri kwa picha. Nikitazama rafu, kichwani naona bolti ikichomoka, ubao ukipinda, madebe ya rangi yakimwagika. Akacheka. "Kwa hiyo wewe mganga?"

Eti uliilegeza! Mbele ya watu wote!

Sijalia. Hata hasira sina. Nimekaa tu kituoni, mabasi yananipita.

Tatizo naiona na ile rafu nyingine ikianguka, iliyo juu ya meza ya dada karani. Nimempigia nikamwambia ahame.

Amehama, shoga. Hakuniuliza kitu.