Murdo na Uwanja wa Mabwawa

Lachlan, shika simu bwana! Murdo kaumbuka leo, yaani kaumbuka!

Si anataka uwanja wetu wa gofu wa pwani uchimbwe upya, ufanane na ule mpya wa mji wa jirani? Basi katupeleka wazee wote wa klabu tukauone kwanza, ndipo tupige kura.

Uwanja gani ule! Mabwawa kila kona, na toka shimo moja hadi lingine ni safari. Kwetu ukimaliza shimo unageuka tu, unapiga tena. Kondoo wetu waliojichimbia vile vishimo vya mchanga uwanjani kwetu wakikimbia upepo wana akili kumshinda aliyechora ule!

Murdo kapiga, upepo ukaubeba mpira, bwawani. Karudia, bwawani. Mkewe Effie akamwambia, "Mzee, unalisha samaki?"

Samaki, Lachlan! Nimecheka mpaka machozi.

Shimo la saba kakaa chini, pumzi hana. "Jamani, hakuna kigari cha kutubeba hapa?"

Effie akasema, "Na kwetu ukishapachimba, utabebwa na nani?"

Tukapiga kura palepale. Nani anataka wetu uachwe ulivyo? Mkono wa kwanza juu, wa Murdo! Hata kusimama hajasimama.