Fifi Nayo ni Pamba

Mpendwa mayu, mama yangu,

Begi nimelifunga na kulifungua mara tatu tangu asubuhi. Kaka Masanja yuko uani hapa Somanda, ameninunia. Anasema hakuna mwenye akili zake anayerudi Burundi wakati vijana wanachoma matairi barabarani. "Vita vyao viliisha, ukaenda, ukaandika, ukarudi mzima. Unataka nini tena?" Nakuandikia wewe, maana wewe hutanikatiza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichambua pamba, miguu tumeinyoosha juu ya turubai? Nyeupe kulia kwako, fifi kushoto. Mimi mwenye haraka zangu nikiona pamba yenye umanjano naitupa kwa kuku. Siku hiyo ukanifinya sikio. "Okota! Fifi nayo ni pamba, imenyeshewa tu." Ukaishindilia kwenye mto ninaoulalia mpaka leo.

Basi nilikusahau, mayu. Kule Burundi kazi yangu ilikuwa kukusanya simulizi za wanawake waliorudi vijijini baada ya vita. Mama Spesi alinikaribisha kwake, akanilisha maharage na ndizi. Asubuhi aliniambia amemsamehe jirani aliyemchomea nyumba. Jioni akasema hatamsamehe hata kaburini. Kisha akacheka. Niliporudi hapa Bariadi nikaisikiliza sauti niliyomrekodi, nikaona haieleweki, nikaiacha nje ya ripoti. Ripoti ikasifiwa, nami nikavimba kichwa.

Wiki iliyopita alinipigia. Walikuwa wamesomewa ripoti kijijini. "Majina mliyaficha, sawa, lakini maneno yangu ningeyajua. Nilingoja mpaka mwisho. Simo, mwanangu. Na sasa fujo zimeanza tena. Wakinimaliza, nitakuwa nimesema nini?"

Tangu juzi simu yake haipatikani.

Naogopa, sitaki kujifanya jasiri mbele yako. Pengine nitakuta mpaka umefungwa. Pengine nitafika nikute mlango wake uko wazi na ndani hamna mtu. Lakini nikibaki hapa nitaendelea kuzunguka nyumba nzima kama kuku anayetaka kutaga, na kazi haishikiki.

Kuna jingine linaniuma. Msibani kwako nilisimama mbele ya watu nikasema, "Mama ndiye aliyenituma nisafiri." Watu wakalia. Ni kweli, nyumbani ulisema nenda. Ila pale stendi, basi likiwa tayari linaunguruma, uliushika mkanda wa begi hili hili ukasema, "Minza, usiende." Hilo sikuwaambia. Nilikuchambua na wewe, mama yangu, nikawapa nyeupe tu. Nisamehe.

Masanja ameingia sasa hivi. Bado kanuna vile vile, lakini amelichukua begi na analifunga kwenye bodaboda. Nikimkuta Mama Spesi nitaandika yote, la asubuhi na la jioni, na kicheko chake. Na watu wakiniuliza njiani mama yangu alisemaje, nitawaambia: alisema nenda, akasema usiende.

Pumzika salama, mayu. Naondoka. Mkanda wa begi ukivutwa kidogo pale stendi, nitajua ni wewe.

Mwanao mtupa fifi,
Minza