Mapipa Niliyoyasuuza

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Lile jino limeacha kukusumbua? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Huku kituoni tunakozalisha samaki, kambare majike wamegoma. Matumbo yanajaa, tunawachoma sindano ya homoni jioni, asubuhi tukiwakamua mayai hakitoki kitu. Msimamizi alidhani homoni imeharibika, ikaletwa nyingine, mambo yakawa yale yale. Nikatania kwamba labda wanadai mahari kwanza. Hakuna aliyecheka.

Basi akaja mtaalamu, mama mmoja mpole, akapasua majike watatu na kupeleka vipande maabara. Alhamisi alirudi na majibu. Alisema homoni ni kama mgeni anayebisha hodi, na kwenye mayai kuna vipokezi vya kumfungulia. Kwa samaki wetu mayai yameanza kukua vizuri, lakini vipokezi vimezibwa na kitu kilichomo majini, hivyo amri ya kukomaa na kutoka haisikiki. Akauliza maji tunayatoa wapi. Msimamizi akamwonyesha tangi la kilimani.

Unalijua tangi hilo, dada. Bomba moja linashuka kwetu, jingine kwako.

Nilimuuliza kama watu nao wanadhurika. Akajibu kwamba hajui, yeye ni wa samaki, ila maji hayo asingeyanywa.

Jumapili nilikuja kwako nikiwa nimeshayasikia hayo. Mama mkwe wako akasema mbele yangu kwamba huzai, na kwamba mwezi ujao mwanawe anaoa mwingine. Ukainama. Mimi nikaendelea kula.

Dada, mapipa ya dawa ya kuulia magugu ya hapa kituoni nilikuwa nayasuuza mimi, kwenye mdomo wa tangi lile lile, kwa uvivu wa kuteremka nayo hadi bondeni. Nimefanya hivyo miaka mitatu, tangu ulipoolewa. Kama ndiyo yaliyokufunga kizazi sijui, na kutojua huko kunanitesa.

Maji hayo usiyanywe tena. Msomee shemeji barua hii, mama yake akiwepo. Msimamizi nimempa yake leo asubuhi, kwa hiyo huenda anwani yangu ikabadilika.

Nisalimie wote hapo nyumbani, hata watakaokataa salamu zangu. Jumapili ile uliniletea maji ya kunywa, nikasema sina kiu. Nilikuwa nayo.

Ni mimi, mdogo wako uliyemlea